Moto wa Tabibu: Agnikarma katika Maandiko ya Sushruta

Jina la Sushruta linapotajwa katika historia ya utabibu wa Bara Hindi, aghalabu hutajwa pamoja na pua. Mnamo Oktoba 1794 jarida la Gentleman's Magazine la London lilichapisha habari za mwendesha mikokoteni ya ng'ombe aliyekatwa pua baada ya kutekwa vitani, kisha akatengenezewa nyingine karibu na Poona kwa ngozi ya paji la uso wake mwenyewe. Tangu hapo wataalamu wa Ulaya, na baadaye wa Bara Hindi wenyewe, wameirejea mara kwa mara ile sura ya Sushruta inayoeleza namna ya kuunga pua na masikio (ingawa yeye ngozi huitoa shavuni, wala si kwenye paji), na heshima ya upasuaji wa Kihindi imejengwa juu ya sura hiyo zaidi kuliko nyingine yoyote. Moto haukujaliwa bahati hiyo.

Sura ya 12 ya Sutrasthana, yaani kitabu cha kwanza katika vitabu vya Sushruta Samhita, inahusu agnikarma. Neno lenyewe halina fumbo: agni ni moto, karma ni kazi au tendo. Ni tendo la kuuchoma mwili wa mgonjwa kwa makusudi, kwa chombo kilichopashwa moto au kwa kitu cha majimaji kilichochemshwa, ili kuondoa maradhi. Waandishi wengi huipita sura hii mbiombio. Baadhi yao huionea haya, kana kwamba ni masalio ya ukatili wa kale yaliyosahauliwa ndani ya kitabu kizuri. Wengine huchopoa sentensi moja au mbili wakazifanya ushahidi kwamba wahenga wa Kihindi walikwisha kuyajua yote yafundishwayo hospitalini leo. Pande zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kutoisoma sura hiyo kwa mfululizo wake. Makala haya yanakusudia kuisoma hivyo, na kuonyesha kwamba jambo kubwa lililomo ni kipimo cha moto. Na kwamba kipimo hicho, kwa ushahidi wa maneno ya sura yenyewe, tabibu alikipata kwa kuwatazama watu walioungua kwa bahati mbaya.

Kabla ya hayo yafaa kusema machache juu ya andiko. Sushruta Samhita si kazi ya mtu mmoja wala ya kizazi kimoja. Sehemu zake za kale hudhaniwa kuwa za karne za mwisho kabla ya Kristo, na kwa jumla wataalamu wanakubaliana kwamba kitabu kilikuwa kimekwisha kupata umbo lijulikanalo kufikia mwaka 500 hivi baada ya Kristo. Ndani yake Sushruta ni mwanafunzi anayeuliza. Mwalimu ni Divodasa, mfalme wa Kashi. Hati ya mkono yenye tarehe ya mapema ni ile ya Kathmandu iliyonakiliwa mwaka 878, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2013. Hati za Nepal zinahitilafiana mahali pengi na matoleo ya chapa, ambayo yameegemea sana usomi wa Dallana, mfafanuzi wa karne ya 12. Toleo la kwanza la chapa lilihaririwa Calcutta na Madhusudan Gupta mwaka 1835 na 1836. Msomi huyo ndiye pia aliyeshika kisu akapasua maiti katika Chuo cha Utabibu cha Calcutta mwaka 1836, tendo lililohesabiwa kuwa mwanzo wa anatomia ya Kizungu katika Bara Hindi. Ni nadra mtu mmoja kuwa mlango wa mambo mawili yaliyokuja kushindana kwa muda mrefu namna hiyo.

Ama kuhusu mahali pa moto katika mpango wa kitabu, kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulikosa. Katika sura ya 8 Sushruta anaorodhesha vile anavyoviita anushastra, yaani visaidizi vya kisu, vitu ambavyo tabibu huvitumia pale ambapo kisu hakipatikani au hakifai: ganda la mwanzi, kioo, kucha, majani makavu yenye kukwaruza, miruba, majivu makali, na moto. Humo moto ni kimojawapo cha vitu vya akiba. Lakini ifikapo sura ya 11, majivu makali (dawa inayotengenezwa kwa kuchoma mimea, kuyachuja majivu yake na kuyachemsha hata yapate ukali wa kula nyama) yanatajwa kuwa bora kuliko kisu na visaidizi vyake vyote. Na sura ya 12 inafungua kwa kusema kwamba moto ni mkuu kuliko majivu hayo. Sababu zinatolewa mbili: ugonjwa uliochomwa kwa moto haurudi tena, na moto huponya yale yaliyoshindikana kwa dawa, kwa kisu na kwa majivu. Basi moto ni wa mwisho kufikiwa na wa kwanza kwa cheo. Si mgongano wa maneno, maana orodha ya sura ya 8 inapanga vyombo kwa urahisi wa kupatikana, na sura ya 12 inavipanga kwa nguvu.

Mpango huu unakumbusha ule wa Wayunani. Miongoni mwa mafunzo yanayonasibishwa na Hippocrates limo moja linalopanga dawa, chuma na moto kwa daraja zifuatanazo, na kumalizia kwamba lisiloponywa na moto halina tiba. Wamekuwapo waliotaka kuona mkopo hapo. Ufanani huo peke yake hauthibitishi kitu. Mtu yeyote mwenye chuma, moto na jeraha lisilopona angeweza kufika huko. Tena tofauti ipo, nayo si ndogo. Myunani anatafuta mpaka wa tiba, mahali pa kukata tamaa. Sushruta anashughulishwa na kurudi kwa ugonjwa. Moto una cheo kwa sababu unamaliza neno.

Baada ya kuupa moto cheo, sura inataja vitu vya kuchomea. Navyo ni pilipili ndefu, mavi makavu ya mbuzi, jino la ng'ombe, mshale, ufito wa chuma, chombo kiitwacho jambavaushtha, madini mengineyo, asali, sukari guru, na mafuta. Anayeisoma orodha hii kwa mara ya kwanza huona kama mtu aliyekusanya vitu jikoni, zizini na vitani bila mpango. Mpango upo. Vitano vya kwanza ni vya kuchomea ngozi. Jambavaushtha, chombo kilichopewa jina kwa kufananishwa na tunda la zambarau, pamoja na madini mengine, ni vya kuchomea mnofu. Asali, sukari guru na mafuta, vikichemshwa, ni vya mishipa, kano, viungo na mifupa. Kwa hiyo orodha ni ngazi ya kuteremka mwilini, kutoka juu ya ngozi hadi mfupani, na kila daraja ina kitu chake chenye namna yake ya kushika joto na kulitoa. Punje ya pilipili na kipande cha mavi ya mbuzi hushika joto dogo na kupoa upesi, chuma hushika joto jingi, mafuta hupenya.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusimama kidogo. Neno la Kisanskriti kwa hiyo pilipili ndefu ni pippali, na ndilo mzazi wa pilpil ya Kiajemi, filfil ya Kiarabu, na pilipili yetu. Kiswahili kimeihifadhi sauti ya p ambayo Kiarabu hakina, jambo linaloashiria kwamba huenda neno hili halikufika pwani kwa njia ya Kiarabu peke yake. Maana ndiyo iliyohama: pippali ya Sushruta si pilipili hoho wala pilipili kali ya leo, ambazo asili yake ni Amerika na hazikujulikana katika Bahari ya Hindi kabla ya safari za Wareno. Vivyo hivyo guru, katika sukari guru, ni gur ya Kihindi iliyotokana na guda ya Kisanskriti, na guda ndilo neno lililomo katika orodha hii ya vitu vya kuchomea mishipa. Maneno mawili kati ya kumi yamo hadi leo katika jikoni za Mombasa na Lamu, ila kazi yao ya utabibu hayakusafiri nayo.

Kwamba moto uteremke hadi mfupani halikuwa jambo la kukubaliwa na wote. Sura inasema wazi kwamba wako wanaohesabu namna mbili tu za kuchoma, ya ngozi na ya mnofu; kisha inajibu kwamba hapa, yaani katika mafundisho haya, moto haukukatazwa katika mishipa, kano, viungo na mifupa. Ni sentensi fupi, lakini kwa mwanahistoria ina thamani kubwa kuliko sifa nyingi. Inaonyesha kwamba palikuwa na mapokeo mengine ya kuchoma, yenye tahadhari zaidi, na kwamba mwandishi aliyajua akayapinga. Wenye mapokeo hayo hawatajwi kwa jina.

Je, alitoa wapi ujasiri wa kumimina mafuta ya moto katika kidonda kilichofika kwenye kano? Jibu limo mbele kidogo, mahali ambapo wengi hawalitafuti, kwa kuwa hapo sura imekwisha kuacha tiba na kuingia katika ajali. Baada ya kueleza kazi ya moto, Sushruta anasema kwamba sasa ataeleza dalili za walioungua kwa njia nyingine. Moto, anasema, huunguza kwa kushika kitu kikavu au kitu chenye mafuta. Mafuta yaliyopata moto hufuata vijia vyembamba vya mwili, hupenya ngozi na vilivyo chini yake kwa upesi, na ndiyo sababu aliyeungua kwa mafuta huumia zaidi kuliko mwingine. Hii ni habari ya jikoni. Ni mtoto aliyevuta sufuria, ni mpishi aliyerukiwa na samli. Lakini ndiyo hiyo hiyo sababu ya kuyaweka mafuta katika daraja ya mwisho ya vyombo: kile kinachoyafanya kuwa adui mbaya jikoni ndicho kinachoyafanya yafike mahali ambapo ufito wa chuma haufiki.

Ushahidi mkubwa zaidi ni ule wa daraja nne za kuungua. Sushruta anaziita plushta, durdagdha, samyagdagdha na atidagdha. Ya kwanza ni ngozi iliyobabuka na kubadilika rangi. Ya pili ina malengelenge makali, maumivu ya kufyonza na kuchoma, wekundu na usaha, nayo hukawia kupoa. Ya tatu haikuzama sana, ina rangi ya tunda la mvumo, imetulia mahali pake, na ina zile dalili zilizokwisha kutajwa juu ya kuchoma kwa tiba. Ya nne ni kuteketea: nyama inaning'inia, mishipa, kano, viungo na mifupa vimeharibika, mgonjwa ana homa, kiu na kuzimia, na kidonda kikipona baada ya muda mrefu huacha kovu lisilo na rangi ya mwili.

Waandishi wa historia ya tiba ya majeraha ya moto hupenda kuilinganisha ngazi hii na ile ya Wilhelm Fabricius Hildanus, aliyezipanga daraja tatu katika kitabu chake De combustionibus cha mwaka 1607, na kusema kwamba Mhindi alimtangulia kwa zaidi ya miaka elfu. Ulinganisho huo unapoteza jambo lenyewe. Ngazi ya Fabricius, na ya hospitali za leo, inapima uharibifu: kila daraja ni mbaya kuliko iliyotangulia. Ngazi ya Sushruta haiendi hivyo. Jina la daraja ya pili maana yake ni "iliyoungua vibaya", na la tatu ni "iliyoungua sawasawa". Nani aliyeungua kwa ajali akasemwa ameungua sawasawa? Hakuna namna ya kulielewa jina hilo ila kwa jicho la mtu aliyekuwa akitafuta, miongoni mwa majeraha ya bahati mbaya, lile ambalo yeye angependa kulifanya kwa makusudi. Na sura haifichi. Inamalizia ngazi hiyo kwa kusema kwamba dalili hizi nne ni za kumfaa tabibu katika kutimiza kazi yake mwenyewe.

Dalili za kazi hiyo zimeelezwa kwa kila daraja ya mwili. Ngozi iliyochomwa inavyopasa hutoa sauti, hutoa harufu mbaya, na hujikunja. Mnofu hupata rangi ya njiwa, uvimbe na maumivu huwa madogo, na kidonda hukauka na kunywea. Mshipa na kano huacha kidonda cheusi kilichoinuka, na majimaji hukoma. Kiungo na mfupa huwa vikavu, vyekundu kidogo, vigumu. Sikio, pua na jicho la tabibu vyote vimeitwa kazini. Kwa umbo alama huwa ya namna nne: duara, nukta, mstari, na ya kupakaza kwa chombo. Baada ya kuchoma, jeraha hupakwa asali na samli.

Mwanafunzi hakuanza kwa mgonjwa. Sura ya 9 inampeleka kwanza kwenye maboga na matango ajifunze kukata. Na kwa moto na majivu makali, inamtaka ajizoeze juu ya vipande vya nyama laini. Kwa hiyo sauti na harufu ya ngozi alikuwa amekwisha kuzijua.

Wakati wa kuchoma ni majira yote isipokuwa mawili: kiangazi, na yale majira yanayofuata mvua kubwa za Bara Hindi, ambamo nyongo huaminika kupanda. Dharura ikija, kanuni hii huachwa, mradi zichukuliwe hatua za kupoza. Mgonjwa hulishwa kwanza chakula chenye ulainifu na utelezi, isipokuwa katika maradhi machache, kama vile mawe ya kibofu, nasuri, bawasiri na kukwama kwa mtoto tumboni, ambayo hushughulikiwa mgonjwa akiwa hajala. Maradhi yanayofaa kwa moto ni mengi: maumivu makali yatokanayo na upepo katika mnofu, viungo na mifupa, uvimbe na matezi, bawasiri, nasuri, matende, chunjua, ngiri, na damu isiyokatika. Kuhusu maradhi ya kope, inaagizwa jicho lifunikwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuchoma mashina ya nywele.

Kisha wanatajwa wasiochomwa: mwenye tabia ya nyongo, mwenye damu iliyovia ndani, aliyepasuka tumbo, ambaye kitu kilichomchoma hakijatolewa, mnyonge, mtoto, mzee, mwoga, na mwenye vidonda vingi. Huyo mwoga ndiye pekee anayetuonyesha maumivu katika sura nzima. Andiko limejaa hali ya jeraha, na mwenye jeraha hana sauti. Hatuambiwi alifungwa au alishikwa na nani, wala alipewa nini cha kupunguza uchungu. Laiti mwandishi aliyeitambua harufu ya ngozi angeandika pia kilio.

Kipimo cha moto kinaonekana vema zaidi pale unapokatazwa au unapocheleweshwa. Kuhusu damu, sura ya 14 inataja njia nne za kuizuia: kuunganisha jeraha kwa vitu vya ukakasi, kuigandisha damu kwa ubaridi, kukausha kwa majivu, na kuchoma ili mshipa unywee. Njia hizi hufuatana, na moto huitwa zile tatu zikishindwa. Kuhusu nyoka, sehemu ya Kalpasthana inaagiza kufunga juu ya mahali palipoumwa, na kuchoma jeraha. Lakini inakataza kabisa kumchoma aliyeumwa na nyoka wa kundi la mandali, kwa kuwa sumu yake ina nyongo nyingi, na moto utaieneza. Tiba ya leo haikubali kuchoma, kukata wala kufunga kwa nguvu penye jeraha la nyoka, na mashauri ya Sushruta hapa hayafai kufuatwa na mtu. Vivyo hivyo anapoagiza kwamba aliyebabuka apewe joto, akidai kwamba maji baridi hugandisha damu, tiba ya leo inamkanusha: maji ya bomba yanayotiririka ndiyo huduma ya kwanza. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, katazo la mandali lina maana. Kanuni ya ndani ya andiko, yaani joto lisiongezwe juu ya joto, ilikuwa na nguvu ya kumzuia mpasuaji asitumie chombo alichokiita kikuu kuliko vyote.

Wala si matabibu wote wa Ayurveda waliompa moto cheo hicho. Charaka, ambaye andiko lake ni la waganga wa dawa kuliko wa kisu, anautaja moto miongoni mwa tiba za vidonda, lakini mara nyingi huwaachia kazi hiyo watu wa madhehebu ya Dhanvantari. Katika mlango wa bawasiri anasema wako wanaosifu kisu, wako wanaosifu majivu, na wako wanaosifu moto. Kisha anahesabu hatari za njia hizo, na kugeukia dawa za kunywa na kupaka. Vagbhata, aliyeandika karibu na mwaka 600, anarejesha hukumu ya Sushruta kwamba moto umepita majivu, ila anaifupisha sura nzima kwa namna ambayo zile hoja za mafuta na ajali zinapungua. Kanuni ikabaki, njia iliyoleta kanuni ikafifia. Hayo ndiyo mara nyingi humpata mwandishi wa muhtasari.

Andiko la Sushruta lilivuka bahari mapema. Ibn al-Nadim, katika Fihrist yake ya mwaka 987, anasema kwamba Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki alimwamuru Manka, Mhindi, alifasiri kwa Kiarabu, ili litumike hospitalini. Na Ali bin Rabban al-Tabari, katika Firdaws al-Hikma ya mwaka 850, ameweka mlango mzima wa utabibu wa Kihindi. Hata hivyo isidhaniwe kwamba uchomaji wa Waarabu ulitoka Bara Hindi. Waarabu waliujua kwa jina la kayy kabla ya hayo, na hadithi za Mtume zinautaja pamoja na asali na kuumika, na papo hapo zinauchukiza. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliuanza mjadala wake wa upasuaji kwa sehemu nzima ya uchomaji, na akapendelea chuma kuliko dhahabu; asili yake kubwa ni vitabu vya Kiyunani. Katika Oman na nchi za Ghuba mapokeo ya kienyeji ya uchomaji huitwa wasm, neno lile lile la alama anayotiwa ngamia.

Baada ya karne nyingi ambazo kisu na moto vilikuwa vimewatoka wasomi wa Kisanskriti na kuingia mikononi mwa vinyozi na mafundi wa vijijini, agnikarma ilirudi darasani katika karne ya 20, vyuo vya Ayurveda vilipopangwa upya. Sheria ya Baraza Kuu la Tiba za Kihindi ilipitishwa mwaka 1970, na Shalya, yaani upasuaji, ikawa somo lenye mitihani na shahada. Katika idara hizo hutumika ufito uliotengenezwa kwa mchanganyiko wa madini matano, hasa kwa maumivu ya kisigino, goti na kiwiko. Mnamo Novemba 2020 baraza hilo lilipotoa orodha ya operesheni 58 ambazo wanafunzi wa shahada ya juu ya Ayurveda wangefunzwa kuzifanya, Chama cha Madaktari cha India kiliitisha mgomo mwezi wa Desemba. Mabishano hayo yalirudisha jina la Sushruta magazetini, likitajwa na pande zote.

Wakati huo huo, mbali na vyuo, katika vijiji vya Rajasthan, Odisha na Madhya Pradesh watoto wachanga wamekuwa wakichomwa tumboni na kifuani kwa chuma cha moto wapatapo homa ya mapafu au tumbo kujaa, na baadhi yao wamekufa. Tendo hilo hutetewa kwa jina la tiba ya jadi. Jadi iliyoandikwa inasema mtoto asichomwe. Mtu hahitaji kuamini nadharia ya nyongo na upepo ili kuona uzito wa hoja hiyo, na ni ajabu kwamba wale wanaopiga vita desturi hii ni mara chache kuitumia.

Limebaki suala la lugha, ambalo mfasiri wa Kiswahili hatalikwepa. Kunjalal Bhishagratna, aliyeitoa tafsiri ya Kiingereza Calcutta kati ya 1907 na 1916, aliyavika maneno ya Sushruta mavazi ya hospitali ya Kizungu, na wengi wamesoma kitabu hicho wakidhani wamemsoma Sushruta. Kiswahili nacho kina mitego yake. Chapa, neno lililotujia kutoka Bara Hindi, linafaa kwa umbo la alama lakini limekwisha kutekwa na viwanda vya uchapaji na bidhaa. Kuchoma ni kupana mno: huchomwa mahindi, nyumba na mwizi; tena mgonjwa "huchomwa" sindano, kwa hiyo msikilizaji akiambiwa kwamba tabibu alimchoma mgonjwa hatafikiri moto kabisa. Kuunguza kuna lawama ndani yake. Mpishi huunguza wali, na hakuna amsifuye. Yumkini ni salama zaidi kuliacha agnikarma kama lilivyo, kama tulivyoliacha neno Ayurveda lenyewe.

Lakini zile daraja nne haziachiki katika Kisanskriti, na humo ndimo penye ugumu wa kweli. Dagdha ya Kisanskriti haisemi kama yupo aliyefanya. Kiswahili chataka kujua: aliyepatwa na ajali ameungua, aliyefanyiwa na mtu amechomwa. Plushta hufasirika vizuri kwa kubabuka. Durdagdha kwa kuungua vibaya. Atidagdha kwa kuteketea. Vyote ni vitenzi visivyo na mtendaji, kama ipasavyo katika mlango wa ajali. Kwa samyagdagdha mfasiri akiandika "kuchomwa sawasawa" atakuwa ameleta tabibu mahali ambapo andiko halijamtaja. Akiandika "kuungua sawasawa", sentensi haina kosa la sarufi, ila kila Mswahili atakayeisoma atauliza ni sawa kwa nani. Afadhali iandikwe hivyo, na swali liachwe lisikike.